Verna na Risasi Fupi

Verna Kittelson alinipigia simu Jumamosi ya mwisho ya Agosti, asubuhi, kahawa yangu ikiwa haijafika nusu. Hakunisalimu. Alisema, "Ruel, njoo unipakilie," akakata.

Mtu wa kwetu akisikia maneno hayo haulizi apakie nini. Huku Idaho, wachache wetu tunaowinda kwa rivolva, bastola yenye gurudumu la risasi, tuna desturi yetu kabla ya msimu kuanza. Sahani ya karatasi, ile ya kulia nyama choma uani, hupigiliwa msumari kwenye ubao. Unasimama hatua ishirini, unapiga risasi tano. Zikiingia zote kwenye sahani, unarudi nyuma hatua tano, unapiga tena, hivyo hivyo mpaka moja itoke nje. Umbali wa mwisho ulioumudu unauandika kwenye sahani kwa wino, na mwaka huo huruhusiwi kumpiga mnyama aliye mbali zaidi ya hapo, hata awe na pembe za kugusa mawingu. Hakuna askari wa wanyamapori anayekulazimisha. Ni sisi wenyewe.

Lakini kabla ya sahani huja kupakiliwa. Unampa rafiki yako rivolva, unageuka mgongo, naye anachanganya risasi za kweli na bandia zisizo na baruti. Wewe hujui ipi iko wapi. Ukifyatua bandia hakuna mlio wala teke, na hapo ndipo rafiki anaona mkono wako unafanya nini. Mtutu ukitulia, uko sawa. Ukiinama, maana yake mwili wako unaiogopa bunduki hata kama mdomo wako unakana, na mtu wa namna hiyo akimpiga mnyama atampiga tumboni. Kazi ya rafiki ni kusema alichokiona, basi.

Kazi hiyo nyepesi mimi niliwahi kuiharibu, na niliyemharibia ni Arlo, mume wa Verna. Nasema hili mapema ili msinione mtu mwema kuliko nilivyo.

Verna alizaliwa juu kidogo ya mji wetu, kwenye ranchi ya ng'ombe. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, akaanza kumpikia baba na kaka watatu, na tangu hapo hakuwahi kutoka jikoni. Miaka ishirini na saba alikuwa mpishi wa shule. Nusu ya watu wazima wa mji huu wamejengwa na maharage yake, na nusu hiyo bado inamwogopa. Siku moja mahubiri yalipozidi urefu alisimama kanisani katikati ya ibada akasema, "Mchungaji, nina mbavu kwenye oveni na Mungu anajua," akatoka. Kunyanyua masufuria kwa miaka yote hiyo kulimwachia kifundo cha mkono wa kulia kinachovimba kila baridi ikiingia. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na Arlo, na Arlo alikuwa na rivolva.

Mimi na Arlo tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha mbao, yeye akiendesha msumeno mkubwa, mimi nikinoa meno yake. Kwa hiyo Verna namwita shemeji, na sijawahi kumwita vingine. Arlo aliwinda elki, yule kulungu wetu wa milimani mwenye ukubwa wa pofu, na hakutaka kabisa kumpiga kwa bunduki ndefu. Alisema ukimpiga mnyama kutoka mlima wa pili umemuua mtu usiyemjua. Verna alikuwa akifuatana naye akibeba visu na mifuko ya nyama. Kwenye sahani alipiga vizuri, lakini mnyama hakuwahi kumpiga kwa rivolva hata mmoja.

Rivolva ile ina matundu matano, na inakula risasi za aina mbili. Kuna ndefu, inayoitwa mia nne hamsini na nne, ambayo ukiifyatua unasikia mlio kifuani na kifundo kinapindishwa kama unafungua bomba lililoshika kutu. Na kuna fupi, arobaini na tano ya kizamani, yenye unene ule ule na kichwa kile kile, ila ganda lake ni fupi na baruti yake ni ya kistaarabu. Inaingia kwenye matundu yale yale. Ubaya wake ni kwamba ukiipiga mara nyingi inaacha duara la masizi ndani ya tundu, pale ganda lake linapoishia, na usiposugua, ile ndefu haitaingia vizuri. Ndefu inampiga elki kwa hatua themanini kama mkono wa mpigaji unaweza. Fupi inataka usogee mpaka uone kope zake.

Zile fupi mimi niliziita risasi za bibi. Nilimtania Arlo kwa jina hilo miaka thelathini, kiwandani, kwenye baa, mbele ya watu, na yeye akaapa hadharani kwamba haitapita hata moja kwenye rivolva yake.

Sasa, mwisho wa kiangazi cha mwaka uliotangulia simu ile, Arlo aliniita nimpakilie. Alikuwa na miaka sitini na saba. Nakumbuka zile ndefu ziliingia kwa taabu, ikabidi nizisukume kwa kidole gumba moja moja.

"Siku hizi husafishi bunduki, mzee?" nikamwambia. "Shemeji amekuchoka, hakukagui?"

Akacheka kidogo, akageuka, akapiga. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya pili ilikuwa bandia, na mtutu uliinama kama mtu anayeitikia salamu. Niliona waziwazi. Arlo aliteremsha mkono, akanigeukia, akanitazama. Alisubiri.

"Uko sawa," nikasema.

Kwa nini nilisema hivyo nimejiuliza mara nyingi. Nilimpenda, na niliona haya kwa niaba yake. Nilijua pia kwamba nikisema kweli, jibu ni zile fupi, na mimi ndiye niliyezifanya kichekesho. Tukaenda kwenye sahani, na kwa hatua arobaini risasi ya tano ilipita kando ya ukingo. Nikasema imeingia.

Oktoba alimpiga dume kwa hatua thelathini na nane. Alimpiga tumboni. Tulifuata damu siku mbili, kisha theluji ikaanguka ikafunika kila kitu. Arlo alitembea akiita kwa sauti ya chini, "Uko wapi, uko wapi," kama anamtafuta mbwa wake. Hatukumpata. Aliporudi nyumbani hakugusa chakula kwa siku tatu, na Verna ndiye aliyeniambia. Februari alianguka kwenye rundo la kuni, shoka likiwa bado mkononi. Daktari alisema ni moyo. Mimi nilibeba jeneza upande wa kushoto, nikijua ninachokijua.

Basi niliposikia "njoo unipakilie" niliiacha kahawa ikapoa mezani. Lakini nilikwenda.

Nilimkuta nyuma ya banda, amevaa koti la Arlo lililomzidi mikono. Ubao ulikuwa tayari na sahani yake. Ndani ya banda, mlango ukiwa wazi, sahani za Arlo zilionekana ukutani, moja kwa kila mwaka, na namba zake za wino. Mezani palikuwa na boksi la risasi ndefu arobaini alizozijaza Arlo mwenyewe kabla hajafa.

"Nimekata kibali cha dume," Verna akasema. "Naenda kule kule."

"Na hizi?"

"Na hizi. Ni kazi ya mwisho ya mkono wake. Unataka nizitupe?"

"Sijasema utupe. Nasema hicho kifundo chako, shemeji, kinalia hata ukikoroga uji."

"Wewe goti lako linalia ukipanda kitandani na hakuna aliyekukataza kulala." Akanigeuzia mgongo. "Pakia. Yule mnyama wa mwaka jana aliondoka na jina la Arlo vibaya. Nataka mmoja aondoke vizuri, halafu hii bunduki naitundika. Mara moja tu, Ruel. Sitaki kumfanyia mwingine vile."

Nikapakia. Mbili za kweli, tatu bandia. Ziliingia laini, maana Verna husafisha. Alisimama miguu wazi, akashika kwa mikono miwili, akafyatua. Mlio ulitikisa bati la banda, na rivolva ikapanda juu mpaka karibu na kofia yake. Akavuta nyundo, akafyatua ya pili. Ikalia kwa-chi tu, na mtutu ukazama chini upana wa kiganja kizima.

Aliteremsha mkono. Akanigeukia akanitazama, kwa namna ile ile aliyonitazama Arlo, mahali pale pale.

Nilihisi neno "uko sawa" limekaa mdomoni tayari, limeshavaa viatu. Nusura litoke. Nikalimeza.

"Umeinama," nikasema. "Vibaya sana. Na Arlo pia aliinama."

"Nini?"

"Mwaka ule. Niliona, nikamwambia yuko sawa. Na ile ya tano haikuingia kwenye sahani. Nilidanganya, shemeji."

Upepo ulikuwa unaitikisa sahani kwenye ubao. Verna alifungua kile kimlango cha pembeni cha rivolva, akazitoa risasi na bandia moja baada ya nyingine, akazisimamisha mezani kwa mstari kama anavyopanga vikombe.

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Nenda nyumbani, Ruel."

Nilikwenda. Siku kumi na moja hakupiga simu. Nilikuwa nikinunua mkate saa za alfajiri ili nisikutane naye dukani, mtu mzima wa miaka sabini nikijificha nyuma ya rafu za unga. Sikulala vizuri. Mke wangu aliniuliza nimeugua nini, nikamwambia tumbo.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. "Njoo unipakilie."

Safari hii mezani palikuwa na risasi fupi. Alizijaza mwenyewe kwenye mashine ya Arlo, kwa vichwa vizito vyenye uso bapa, vigumu, ambavyo havipasuki vikigonga mfupa bali vinapita moja kwa moja. Alikuwa ameweka kila moja wima, na nilipokitazama kipimo cha baruti alichoandika kwenye karatasi nikaona amefanya hesabu nzuri kuliko yangu. Kwa hatua thelathini kichwa kile, kwa mwendo ule, kinaingia ubavu mmoja wa elki na kutokea wa pili. Baada ya arobaini na tano kinaanza kuchoka.

"Ndefu ni ya mbali," akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Nimekaa nimewaza. Nikichagua hizi nimechagua kusogea. Kusogea naweza. Miguu yangu haina tatizo."

"Ni sawa."

"Nani kakuuliza kama ni sawa? Pakia."

Nikapakia. Kweli, bandia, bandia, kweli, bandia. Kwenye bandia zote tatu mtutu ulikaa palepale kama umeegemezwa dirishani. Nikamwambia nilichokiona. Akaenda kwenye sahani. Hatua ishirini zote ndani. Ishirini na tano zote ndani. Thelathini, zote. Thelathini na tano, nne ndani, na moja kwenye ukingo.

"Imegusa?" akaniita.

Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kuguswa na karatasi. Ilikuwa nje kwa unene wa ukucha.

"Imetoka."

"Una hakika? Tazama vizuri."

"Imetoka, shemeji. Nje."

Nilidhani atakasirika. Alicheka, cheko fupi lenye machozi ndani yake. "Kumbe unaweza," akasema, akachukua kalamu na kuandika thelathini.

Oktoba tulipanda pamoja, mimi nikibeba visu na mifuko. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, dume mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona alitoka kwenye misonobari akasimama ubavu, akitafuna, hana habari. Nilikadiria hatua hamsini. Verna alimtazama kwa dakika nzima, labda mbili. Mkono wake ulikuwa kwenye kitako cha rivolva. Mimi nilibana meno. Nilijua kwamba kwa zile ndefu angekuwa ndani ya umbali wa mkono mzuri, na nilijua Verna anajua. Dume akakohoa, akazama msituni. Verna aliutoa mkono kwenye kitako na kuvaa glavu.

"Alikuwa mzuri," akasema.

"Sana."

"Mbali."

"Mbali," nikasema.

Siku ya tatu tulilala kifudifudi kando ya kijito tangu kabla ya jua, maji yakiingia kwenye mikono ya makoti. Dume mwingine, mdogo, alishuka kunywa. Alikuja, akaja, nikasikia pumzi zake. Verna alivuta nyundo wakati elki ameinamisha kichwa. Akafyatua. Mlio ulikuwa mdogo, nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiuchekelea. Dume aliruka, akakimbia hatua kama hamsini kupanda ukingo, akasimama kama aliyesahau kitu, akalala chini.

Tulisubiri nusu saa kama inavyotakiwa. Kisha nikapima kwa hatua kutoka tulipolala mpaka pale alipopigwa: ishirini na sita. Risasi iliingia nyuma ya bega na kutokea upande wa pili, mapafu yote mawili. Verna alipiga magoti, akavua glavu, akaweka kiganja kwenye shingo ya yule mnyama, palipo na manyoya marefu. Alikaa hivyo muda mrefu, akilia bila kujificha. Mimi pia nililia, nikatembea kando nikijifanya natafuta kamba.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni kwake. Ini lilikuwa kwenye kikaango na vitunguu. Kifundo chake kilikuwa kimevimba, akaniambia nimsafishie rivolva. Nilitandaza gazeti, nikachukua brashi na mafuta.

"Kabla hujasugua," akasema bila kugeuka kutoka kwenye jiko, "weka ile."

Alikuwa ameiacha mezani bandia moja, ndefu. Sikuelewa anachotaka, lakini nilifungua kimlango nikaiingiza. Ilikwenda nusu, ikakwama. Nikaisukuma kwa kidole gumba, ikaingia kwa taabu.

Kidole changu kilielewa kabla yangu. Risasi fupi alizofanyia mazoezi Septemba nzima zilikuwa zimeacha duara la masizi, safari hii bila kusuguliwa, na ile ndefu ilikuwa inalipita kwa nguvu. Niliwahi kuusukuma ugumu ule ule, kwenye matundu yale yale, nikamtania mtu kwamba hasafishi bunduki.

"Alizipiga kiangazi chote," Verna akasema. "Nyuma ya banda, siku ambazo ulikuwa mtoni ukivua samaki. Alizipiga vizuri kuliko mimi. Ila hakuweza kuziamini, kwa sababu ya yale maneno yenu ya baa. Usiku mmoja akaniambia, 'Nitampa Ruel anipakilie zile ndefu. Mtu hajioni mwenyewe. Ruel akisema nimeinama, nachukua fupi, wacha wanicheke.'" Aligeuza ini kwenye kikaango. "Alirudi ndani akaniambia umesema yuko sawa. Alifurahi, unajua? Alifurahi kama mtoto. Akasugua matundu, akazificha zile fupi."

Nilikaa na ile rivolva mikononi, masizi yakinipaka vidole. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alizima moto, akaweka sahani mbili mezani, za udongo, za kulia, na uma mbili.

"Sugua," akasema. "Chakula kinapoa."

Nikalisugua tundu la kwanza, nikalisugua la pili, mpaka yakafika matano. Nikampa. Aliliinua gurudumu kwenye mwanga wa taa, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Bado kuna kidogo kwenye hili," akasema, akanirudishia, nikaanza upya.